Kulanti Haichaguliwi kwa Rangi Yake

Katika nchi ambayo watu wengi hawajapata kuona maji yakiganda isipokuwa ndani ya jokofu, si ajabu kwamba dawa ya kuzuia maji yasigande ndani ya injini huonekana kuwa anasa ya watu wa nchi za baridi. Fikra hiyo imekita mizizi katika gereji zetu. Mwenye gari akiuliza atie nini katika rejeta, aghalabu hujibiwa kwamba maji ni maji, na kwamba gari kuukuu halina haja ya mambo makubwa. Maji ya bomba, ya kisima, ya mto, hata ya dimbwi la kando ya barabara, yote hutiwa bila ya swali. Baadaye silinda hedi inapopinda na gasketi kuungua, lawama hutupiwa jua, mlima, au uzee wa gari lenyewe.

Lawama hiyo hupelekwa pasipo pake. Mara nyingi kilichoiua injini si jua wala mlima, bali ni kile kilichotiwa katika rejeta miaka miwili au mitatu iliyopita. Na upo upande wa pili wa jambo hili, nao ni wa yule mwenye gari aliyekwisha kuelewa kwamba maji matupu hayafai, akaenda dukani na kununua dawa yoyote aliyoiona, kwa sababu tu rangi yake inafanana na iliyokuwamo. Huyu naye anaweza kupata hasara ile ile, tena kwa fedha zake mwenyewe.

Jambo hili si dogo. Magari mengi tuyaonayo barabarani hayakuja hapa yakiwa mapya. Yalinunuliwa Japani yakiwa yamekwisha kutumika kwa miaka mingi, nasi tunayatumia kwa miaka mingine mingi. Gari la namna hiyo si chombo cha fahari. Ni shamba la mwenyewe. Ni teksi inayolipa ada za shule, ni pikapu inayopeleka viazi na nyanya sokoni, ni gari dogo linalomkimbiza mgonjwa hospitali usiku wa manane. Injini yake ikifa, riziki ya nyumba nzima husimama. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe katika habari hii ni lita tano au sita za maji.

KAZI TATU

Yafaa kwanza tuelewe kazi ya maji yale ya kupozea injini, ambayo mafundi wetu huyaita kulanti. Kazi zake ni tatu: kulichukua joto la injini na kulipeleka kwenye rejeta, kutochemka upesi, na kuzilinda metali zilizomo ndani zisiliwe na kutu.

Katika kazi ya kwanza, haki na isemwe: maji matupu hayana mpinzani. Hubeba joto vizuri kuliko mchanganyiko wowote wa dawa. Fundi anayesema kwamba maji hupoza vyema hasemi uongo. Kosa lake ni kuishia hapo, kana kwamba kazi nyingine mbili hazipo.

Katika kazi ya pili, maji huanza kushindwa. Ufukoni mwa bahari maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, lakini kadiri tunavyopanda juu, ndivyo yanavyochemka mapema zaidi. Upungufu huo ni kiasi cha nyuzi moja kwa kila mita 300. Mbeya, mji ulio kwenye kimo cha mita 1,700 hivi, maji yaliyo wazi huchemka yakifika nyuzi 94 au karibu na hapo. Na injini nyingi thamostati yake hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Basi gari lililotoka Dar es Salaam likapanda mlima wa Kitonga na mzigo wake, likaendelea hadi nyanda za juu, lina nafasi ndogo sana baina ya joto lake la kawaida na joto la kuchemka, endapo mfuniko wa rejeta umechoka na haushiki tena mgandamizo.

Dawa inayotumika zaidi katika kulanti ni ethilini glikoli. Ikichanganywa nusu kwa nusu na maji, huvipeleka mbali vikomo vyote viwili: mchanganyiko hauanzi kuganda mpaka kiasi cha nyuzi 37 chini ya sifuri, na hauchemki mpaka kiasi cha nyuzi 107. Ukiongeza mgandamizo wa mfuniko mzima, kikomo hicho hupanda hadi karibu na nyuzi 130. Habari ya kuganda haituhusu sana. Habari ya kuchemka yatuhusu kila siku.

KUTU

Lakini kazi ya tatu ndiyo iliyo kubwa kuliko zote kwa gari kuukuu. Ndani ya injini zimo metali za namna nyingi. Injini za Toyota za familia ya A, ambazo ziliendesha Corolla nyingi za miaka ya 1980 na 1990, zina mwili wa chuma cha kusubu na silinda hedi ya aluminiamu. Peugeot 504, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1968 na kujipatia sifa kubwa barani Afrika, ina injini ya petroli ya mtindo huo huo. Land Rover za zamani zenye injini ya lita 2.25 zina chuma chini na juu, na rejeta yake ni ya shaba iliyoungwa kwa lehemu ya risasi na bati. Katika magari ya miaka ya karibuni zaidi, rejeta nayo ni ya aluminiamu yenye vichwa vya plastiki.

Metali mbili tofauti zikigusana, nazo zimo ndani ya maji yenye chumvi, hupatikana mfano wa betri. Umeme mdogo hupita, na metali iliyo dhaifu huliwa. Katika injini yenye chuma na aluminiamu, inayoliwa ni aluminiamu, nayo huliwa mahali pabaya kuliko pote, yaani kandokando ya matundu ya maji ambapo gasketi hukaa. Maji ya visima vya pwani, ambayo mengi yana chumvi, huiharakisha kazi hiyo. Maji magumu ya bara nayo huacha ukoko mweupe kama ule wa ndani ya birika. Ukoko huo hulizuia joto lisitoke kwenye chuma, na huziba mirija myembamba ya rejeta. Tuna methali isemayo kwamba jungu kuu halikosi ukoko. Ni kweli, na kwa binadamu ni sifa; kwa rejeta ni maradhi.

Kwa hiyo kulanti njema si glikoli na maji peke yake. Ndani yake hutiwa viungo vya kuzuia kutu, na humo ndimo tofauti ya aina moja na nyingine ilimo. Anayechagua kulanti huchagua viungo hivyo, ajue asijue.

AINA ZAKE

Aina ya kwanza ni ile ya kale, yenye chumvi za madini kama vile silikati, fosfati na borati. Chumvi hizo hufanya kazi upesi, kwa kutandaza utando mwembamba juu ya kila metali. Ubaya wake ni kwamba huisha upesi pia. Kulanti ya namna hii yapasa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi.

Aina ya pili hutumia asidi za kikaboni. Kampuni ya General Motors ya Marekani ilianza kuitia katika magari yake mapya katikati ya miaka ya 1990, ikaahidi kwamba ingedumu miaka mitano. Asidi hizo hazifuniki metali yote; hufanya kazi pale tu kutu inapotaka kuanza, na ndiyo maana hudumu. Aina ya tatu ni mseto wa hizo mbili. Wajapani wameelekea kuchanganya asidi na fosfati, kwa kuhofu kwamba silikati huzila sili za pampu ya maji. Watengenezaji wengi wa Ulaya wamechanganya asidi na silikati, kwa kuwa fosfati ikikutana na maji magumu hutengeneza ukoko.

Je, iliyo mpya ndiyo iliyo bora? Kwa gari jipya, ndiyo. Kwa gari kuukuu, si lazima. Asidi za kikaboni ziliundwa kwa ajili ya injini za aluminiamu, zenye sili na gasketi zilizochaguliwa kuzivumilia. Katika rejeta ya shaba iliyoungwa kwa lehemu ya risasi, baadhi ya kulanti hizo hazitoi ulinzi wa kutosha kwa lehemu, na baadhi zimepata kulainisha sili za mtindo wa zamani. Nchini Uingereza, ambako watu wengi huhifadhi magari ya kale kwa mapenzi makubwa, vyama vya wenye magari hayo vimewaonya wanachama wao kuhusu jambo hili. Ndugu msomaji, hapa kuna fundisho lisilotarajiwa: kulanti ya bei nafuu ya mtindo wa kale, ikibadilishwa kwa wakati wake, yaweza kulifaa gari kuukuu kuliko ile ya bei kubwa inayosifiwa kwenye matangazo.

RANGI

Sasa tuje kwenye kosa lililoenea kuliko yote. Wengi wetu husema kulanti ya kijani, kulanti nyekundu, kulanti ya waridi, kana kwamba rangi ndiyo dawa yenyewe. La hasha! Glikoli haina rangi. Rangi hutiwa kiwandani ili mtu aweze kuona kinapovuja, na asije akadhani ni maji. Hakuna sheria ya dunia inayokilazimisha kiwanda kutumia rangi fulani kwa aina fulani.

Mfano mmoja unatosha. Kulanti ya Toyota ya zamani ilikuwa nyekundu, nayo ilikuwa ya fosfati. Kulanti ya Volkswagen iliyopewa jina la G12 nayo ilikuwa nyekundu, lakini ilikuwa ya asidi za kikaboni. Mtu anayelinganisha rangi angesema ni ndugu. Tena Volkswagen yenyewe ilionya kwamba G12 ile isichanganywe na kulanti yake ya awali, G11. Mchanganyiko wao hugeuka rangi ya kahawia na kuwa kama tope, nao hauna budi kumwagwa. Ikiwa dawa mbili za kampuni moja haziwezi kukaa chungu kimoja, itakuwaje kwa chupa mbili zilizookotwa katika maduka mawili tofauti?

Kwa hiyo asomaye na asome maandishi, si rangi. Chombo chema huandikwa ni kwa ajili ya magari gani, kina glikoli ya namna gani, kimekwisha kuchanganywa na maji au la, na kimetimiza kiwango kipi. Kiwango cha Kijapani ni JIS K 2234. Cha Kimarekani kwa magari madogo ni ASTM D3306. Cha Kiingereza ni BS 6580. Chupa isiyo na jina la mtengenezaji wala namba ya kiwango haina ushahidi wowote kwamba kilichomo si maji yaliyotiwa rangi.

LIPI KWA GARI LIPI

Mwenye gari la chuma na rejeta ya shaba, kama Land Rover tulizozitaja, atafute kulanti ya mtindo wa kale yenye silikati, abadilishe kila miaka miwili. Mwenye gari la Kijapani la miaka ya 1980 au 1990 atafute iliyoandikwa kwamba ni ya magari ya Kijapani, yenye fosfati na isiyo na silikati. Mwenye gari la Ulaya la baada ya hapo afuate namba iliyomo katika kitabu cha gari, wala asikisie. Na asiyejua kilichomo ndani ya rejeta yake, asiongeze kitu juu yake. Amwage chote, asafishe kwa maji mpaka yatoke meupe, kisha aanze upya. Kuanza upya ni gharama ya mara moja; kuchanganya ni deni lisilojulikana mwisho wake.

Kuhusu kipimo, nusu kwa nusu ni salama. Chini ya theluthi moja, viungo vya kuzuia kutu huwa haba mno. Kuzidisha nako si busara, kwa kuwa glikoli nyingi hupunguza uwezo wa kubeba joto; mwenye kudhani kwamba kulanti tupu bila ya maji ndiyo kinga kamili hujidanganya. Maji ya kuchanganyia yawe yaliyokenekwa, yale yauzwayo kwa kujazia betri. Lakini anunuaye ahakikishe kwamba amepewa maji, si asidi ya betri. Yasipopatikana, maji safi ya mvua ni afadhali kuliko ya kisima.

Lipo neno moja linalosemwa sana gerejini, kwamba kulanti hutoboa rejeta kuukuu. Neno hilo lina chembe ya ukweli na gunia la makosa. Rejeta iliyokunywa maji ya kisima kwa miaka kumi huwa imekwisha kutoboka. Kinachoziba matundu ni kutu na ukoko. Ikisafishwa kwa dawa kali, na kikatiwa kiowevu kinachopenya upesi kuliko maji, matundu hujitokeza. Kulanti haikulifanya tundu, imelifichua tu. Kwa sababu hiyo, kabla ya kubadilisha, yafaa kukagua mipira ya maji, pampu, mkanda wa feni na mfuniko wa rejeta, na kusafisha kwa upole. Kadhalika, desturi ya kung'oa thamostati ili gari lisichemke yafaa ikomeshwe. Injini isiyofikia joto lake hula mafuta mengi na huchakaa upesi, na ugonjwa wa asili hubaki pale pale.

Na hapana budi tarehe iandikwe. Kulanti iliyochoka huweza kubaki na rangi yake nzuri, ilhali viungo vyake vimekwisha na glikoli yenyewe imeanza kugeuka asidi. Jicho haliwezi kuona hilo. Mali bila daftari, hupotea bila habari. Kipande cha karatasi kilichobandikwa chini ya boneti, chenye tarehe na jina la kulanti iliyotiwa, ni daftari tosha. Gari likiuzwa, mnunuzi naye atakuwa na pa kuanzia.

SUMU

Yatubidi tuseme pia habari ya hatari iliyojificha. Ethilini glikoli ni sumu, tena ina ladha tamu. Inakadiriwa kwamba kiasi cha mililita 100 huweza kumwua mtu mzima. Kwa mtoto hatari huja kwa kiasi kidogo zaidi. Ikiingia mwilini hugeuzwa kuwa asidi zinazoharibu figo, na mgonjwa mwanzoni huonekana kama mlevi tu, hivyo saa za kumwokoa hupotea. Aliyeinywa, hata kidogo, apelekwe hospitali mara moja bila ya kungoja dalili.

Basi ni kosa kubwa kuiweka katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, na ni kosa kubwa zaidi kuiuza hivyo. Kinywaji cha kijani au chekundu katika chupa ya soda ni mwaliko kwa mtoto. Iliyomwagwa nayo isiachwe katika beseni uani, ambako kuku, mbwa na paka huweza kuinywa, wala isimwagwe mtaroni au karibu na kisima. Iliyotoka katika rejeta ya zamani huwa imechukua na risasi ya lehemu. Ikusanywe katika dumu lenye mfuniko na alama, ipelekwe kwenye gereji inayokusanya taka za namna hiyo.

WAJIBU

Wajibu katika jambo hili haumwangukii mwenye gari peke yake. Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, lipo ili mnunuzi asiye na maabara apate mtu wa kumtazamia. Kulanti yastahili kutazamwa kwa makini ule ule unaostahili breki na matairi, kwa kuwa mnunuzi hana njia ya kuipima kwa macho wala kwa kuinusa. Wenye maduka nao wasiuze kitu ambacho wao wenyewe hawawezi kusema kimetoka wapi. Na mafundi wetu, ambao ujuzi wao umeyaweka barabarani magari ambayo nchi nyingine zilikwisha kuyatupa, wana nafasi ya pekee. Neno la fundi huaminiwa kuliko maandishi ya kiwanda. Akimwambia mteja wake kwamba maji matupu hayatoshi, na kwamba rangi si dalili ya aina, atakuwa amemwokolea injini.

Mwenye gari kuukuu hahitaji fedha nyingi ili kulitunza. Ahitaji kujua metali alizo nazo, kusoma kilichoandikwa kwenye chombo, na kukumbuka tarehe. Asubuhi moja, injini ikiwa baridi kabisa, na afungue mfuniko wa rejeta atazame. Akiona maji ya rangi ya kutu, asingoje mlima umwambie.